Nyaatha wa Gikondi: Mwalimu Mtaliano aliyeitoa roho yake Nyeri

MAELFU ya watu walipofurika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, karibu na mji wa Nyeri, mnamo Mei 23, 2015, mtu waliyekuja kumheshimu hakuwa mwanasiasa wala shujaa wa vita vya msituni. Alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini. Alikuwa mwanamke mgeni, mzaliwa wa Italia, aliyefariki karibu miaka 85 kabla ya siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 39 tu.

Katika vitabu vya Kanisa anaitwa Sista Irene Stefani. Lakini katika vilima vya Mukurweini, ambako alifundisha kwa muda wa miaka kumi, jina hilo halikuwa na uzito mkubwa. Wenyeji walimpa jina lao wenyewe, Nyaatha. Jina hilo hutokana na neno la Kikikuyu tha, yaani huruma, na maana yake ni mama mwenye huruma. Wazungu wengi walipewa majina na Wakikuyu katika enzi ya ukoloni, na mengi ya majina hayo yalikuwa ya dhihaka: kuhusu mwendo wa mtu, tumbo lake au hasira zake. Ni wachache mno waliobahatika kupewa jina kama hili.

Yafuatayo ni maisha yake.

Binti wa Anfo

Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Kijiji hicho kimekaa ukingoni mwa ziwa Idro, kati ya milima. Wazazi wake walikuwa Giovanni Stefani na Annunziata Massari, watu wa imani kubwa, na mtoto wao alibatizwa kwa jina la Aurelia Mercede. Alikuwa wa tano katika familia ya watoto 12. Wengi wa ndugu hao hawakuishi hadi utu uzima, jambo ambalo halikuwa geni katika Ulaya ya wakati huo kama ambavyo halikuwa geni katika Afrika.

Mama yake alifariki mwaka wa 1907. Mercede, kama alivyoitwa nyumbani, alikuwa bado hajatimiza miaka 16, na mara moja akajikuta akibeba mzigo wa kumsaidia baba yake kuwalea wadogo zake. Kupika, kufua, kuwafundisha watoto sala na herufi, kuwatembelea wagonjwa wa kijiji: hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya ualimu. Haja ya kuwa mmisionari alikuwa nayo tangu utotoni, lakini ilimbidi kungoja.

Mnamo Juni 1911 aliondoka nyumbani na kwenda Turin, akajiunga na Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata. Shirika lenyewe lilikuwa changa sana. Padri Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha tarehe 29 Januari 1910, miaka tisa kamili baada ya kuanzisha lile la mapadri na mabruda. Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 20, 2024, hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Hata hivyo, kupitia barua na shajara ambazo kila kituo cha misheni kilitakiwa kuandika, aliyafahamu mambo ya Murang'a na Nyeri kwa undani kuliko Wazungu wengi walioishi Nairobi.

Januari 1912 Mercede alivaa vazi la utawa na kupewa jina la Irene. Miaka miwili baadaye, Januari 1914, aliweka nadhiri. Ilipofika Desemba 28 mwaka huohuo, wakati Ulaya ilikuwa tayari imeingia katika vita, alipanda meli kuelekea Afrika Mashariki. Hakurudi tena.

Nchi ya mabonde

Meli ilitia nanga Mombasa mwezi wa Januari 1915. Wakati huo hapakuwa na reli ya kwenda Nyeri. Garimoshi liliishia Thika, ambako tawi la reli lilikuwa limefika mwaka wa 1913, na kutoka hapo msafiri alikwea milima kwa miguu, kwa nyumbu au kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mji wenyewe wa Nyeri ulikuwa na umri wa miaka 12 tu. Waingereza walikuwa wamejenga ngome yao hapo mwishoni mwa mwaka wa 1902, baada ya kuwashambulia watu wa Tetu, na duka, posta na ofisi ya mkuu wa wilaya vilikuwa vimeizunguka ngome hiyo.

Wamisionari wa Consolata walikuwa wametangulia kidogo. Wanne wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, mnamo Juni 1902, wakapokelewa na chifu Karuri wa Gakure. Mwaka wa 1904 walikutana Murang'a na kukubaliana jinsi ya kufanya kazi yao. Mapatano hayo ndiyo yaliyoongoza maisha ya kila siku ya Sista Irene baadaye: kutembelea vijiji nyumba kwa nyumba, kutibu wagonjwa, kufundisha katekisimu, kufungua shule na kuwaandaa Waafrika watakaofundisha wenzao. Kwa ufupi, hawakutakiwa kukaa misheni wakingoja watu waje. Walitakiwa kwenda.

Kazi ya kwanza ya mgeni ilikuwa lugha. Hili ni jambo ambalo mara nyingi husahaulika zinaposimuliwa habari za walimu wa kigeni. Kikikuyu kina vokali saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na ndiyo sababu huandikwa kwa herufi zenye alama juu yake. Aidha, ni lugha ya toni: neno lilelile likipandishwa au kushushwa sauti hugeuka maana. Mwalimu anayekosea toni mbele ya watoto atachekwa, na akikosea mbele ya wazee huenda akatukana bila kujua. Kabla ya kumfundisha mtu yeyote herufi moja, Sista Irene alilazimika kuwa mwanafunzi wa watoto na wanawake waliomzunguka. Alijifunza Kikikuyu, na ni kwa Kikikuyu alichofundishia.

Hapo panastahili kukumbukwa jambo moja. Miaka 20 baada ya kifo chake, msichana mmoja wa Nyeri aitwaye Wangari Muta alijiunga na shule ya bweni ya St Cecilia iliyoendeshwa na masista haohao wa Consolata huko Mathari. Ndiye Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Katika kumbukumbu za maisha yake alieleza kwamba mwanafunzi aliyepatikana akisema lugha ya mama badala ya Kiingereza alivishwa beji ya aibu. Zama zilikuwa zimebadilika. Mitihani ilikuwa ya Kiingereza na ajira ilikuwa ya Kiingereza. Katika shule ya Sista Irene ilikuwa kinyume chake: aliyekuwa hatarini kuaibika kwa sababu ya lugha alikuwa ni mwalimu.

Miongoni mwa wapagazi

Kabla ya kupata nafasi ya kutulia darasani, vita vilimfikia. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana katika Afrika Mashariki, na kwa kuwa hapakuwa na barabara wala magari ya kutosha, mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani. Mamia ya maelfu ya vijana wa Kiafrika walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakawa wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi yametokana na kikosi hicho. Walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko walivyokufa kwa risasi. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza hupita 90,000.

Masista wa Consolata walipelekwa katika hospitali za wapagazi hao. Sista Irene alihudumu Voi, kisha katika ardhi iliyokuwa ya Wajerumani: Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni jina la heshima tu. Nyingi zilikuwa vibanda virefu vya makuti, wagonjwa wamelazwa chini ubavu kwa ubavu, dawa haba, na maiti zikitolewa kila asubuhi. Yeye hakuwa daktari. Aliosha vidonda, aliwalisha walioshindwa kuinua mkono, aliwaondolea uchafu, na aliketi na waliokuwa wakikata roho.

Humo walichanganyika watu wa makabila mengi, Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba na wengine kutoka mbali zaidi, na lugha iliyowapatanisha ni Kiswahili. Alitumia hicho kuwafariji, na waliokubali aliwabatiza.

Kuna kisa cha wakati huo ambacho kimesimuliwa na masista wenzake mara nyingi. Siku moja hakumwona mgonjwa aliyemwacha akiwa hai. Aliambiwa kwamba mtu huyo amekufa na amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine ili maji yakijaa yawachukue. Alikwenda pwani, akaanza kupekua maiti mmoja baada ya mwingine hadi akamfikia yule aliyemtafuta, na kweli alikuwa bado anapumua. Alirudishwa hospitalini akafa kitandani, si mchangani. Kwa msomaji wa leo hilo linaweza kuonekana jambo dogo, maana mtu mwenyewe hakupona. Kwa wapagazi waliojua kwamba maisha yao hayakuhesabiwa hata kwenye daftari, halikuwa dogo.

Siku za Gikondi

Vita vilipokwisha alirejea katika nchi ya Wakikuyu, na mwaka wa 1920 akapelekwa Gikondi, kusini mwa mji wa Nyeri. Ndiko alikoishi hadi kufa kwake.

Anayeijua Mukurweini hahitaji kuelezwa jinsi ardhi yake ilivyo. Ni mgongo wa kilima, kisha bonde lenye kijito, kisha mgongo mwingine. Nyumba mbili zinaweza kuonana kwa macho na bado mtembezi akatumia muda mrefu kutoka moja hadi nyingine, kwa kuwa lazima ateremke hadi mtoni na kupanda tena. Msimu wa mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Katika njia hizo Sista Irene alitembea karibu kila siku, akiwa amevaa viatu vikubwa vizito ambavyo vilikuja kuwa alama yake kiasi kwamba mmoja wa walioandika wasifu wake alivitaja viatu hivyo katika jina la kitabu.

Siku ya misheni ilianza kabla ya jua kuchomoza, kwa sala na misa. Kisha shule. Vifaa vya shule za misheni za miaka ya 1920 vilikuwa vichache: kibao cha mawe cha kuandikia, chaki, kitabu cha kusomea, katekisimu. Watoto walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na dini, halafu kazi za mikono, yaani bustani kwa wavulana na ushonaji kwa wasichana. Lakini kulijaza darasa lenyewe ilikuwa kazi kubwa kuliko kufundisha. Mvulana alihitajika malishoni. Msichana alihitajika shambani, kisimani na katika kulea wadogo zake, na baba wengi waliona kwamba binti akijua kusoma hataolewa vizuri na mahari itapungua. Hivyo mwalimu hakungoja kengele. Mtoto asipoonekana siku mbili, alifuatwa nyumbani.

Hapo ndipo malezi ya Anfo yalipomfaa. Hakuingia nyumba ya mtu akianza na masomo. Alianza na mgonjwa aliyekuwa ndani, au mama aliyejifungua, au kikongwe aliyeachwa peke yake. Alitoa dawa aliyokuwa nayo, akasikiliza, na masomo yakaja baadaye. Wenyeji waliona kwamba alikuwa na haraka daima. Alipita vilimani kwa mwendo wa mbio, na ilisemekana kwamba habari ya mgonjwa haikumfikia ikamkuta amekaa. Vilevile alikuwa mkuu wa nyumba ndogo ya masista pale Gikondi, akiwaelekeza wageni waliotoka Italia ambao walikuwa bado wanahangaika na lugha.

Walimu wa kwanza wa Kiafrika katika shule za vijijini nao walimtegemea. Wengi wao walikuwa vijana waliojua kusoma kidogo tu kuliko wanafunzi wao. Aliwatembelea, aliwasaidia kupanga masomo, na kuwatatulia magomvi yao na wazazi.

Mwandishi wa barua

Pengine kazi yake iliyoacha kumbukumbu ndefu zaidi haikufanyika darasani kabisa. Ilikuwa ya kuandika barua.

Ili kuielewa, ni lazima kukumbuka hali ya miaka hiyo. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, na fedha zilipatikana kwa kufanya kazi ya kibarua kwa Wazungu. Kuanzia mwisho wa vita, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, akikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Vijana wa Nyeri waliondoka kwa wingi kwenda Nairobi, Mombasa na mashamba ya walowezi. Waliobaki nyumbani, wazazi na wake, hawakujua kusoma. Mtu aliondoka akatoweka. Hapakuwa na simu, na mjumbe alitegemewa kwa bahati.

Sista Irene akawa mwandishi wao. Mama alifika misheni au alikutwa shambani, akasema anachotaka kumwambia mwanawe: mbuzi aliyezaa, deni la mjomba, baba anayeumwa, posa iliyoletwa kwa dada. Yeye aliyaandika maneno hayo, akaongeza machache yake ya kumkumbusha kijana sala na tabia njema, akayatuma. Jibu lilipokuja alilisoma kwa sauti mbele ya aliyetumiwa, kisha likaandikwa jibu la jibu. Vijana waliokuwa wanafunzi wake aliwafuata kwa barua hadi mijini, akitaka kujua wanakaa wapi, wanafanya kazi gani, na kama wanatuma fedha nyumbani. Wengine walisahau njia ya kanisa lakini hawakuacha kumjibu.

Kalamu hiyo ilimpa mamlaka ya ajabu. Alijua siri za karibu kila nyumba. Alijua nani ana deni, nani amemtoroka mkewe, nani amezaa nje. Mtu mwingine angeweza kuitumia elimu hiyo vibaya, na katika koloni hapakukosekana waliofanya hivyo. Yeye anakumbukwa kwa kuzitunza siri hizo, na huenda hilo ndilo lililomfungulia milango kuliko mahubiri yoyote.

Wakati wa misukosuko

Si haki kumchora kana kwamba aliishi nje ya siasa. Ingawa alikuwa Mtaliano na si Mwingereza, misheni yake ilikuwepo kwa ridhaa ya serikali ya kikoloni, na Consolata wenyewe walimiliki shamba kubwa la kahawa huko Mathari, jirani na wenyeji waliokuwa wakilalamikia kupotea kwa ardhi yao. Mnamo Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, na waandamanaji wakapigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi. Chama cha Kikuyu Central Association kikafuata na kudai ardhi, uwakilishi na shule. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Kenya mwaka wa 1924, serikali ilianza kutoa ruzuku zaidi kwa shule za misheni na pia kuzibana kwa masharti. Wazazi nao walianza kuuliza kwa nini watoto wao wafundishwe dini nyingi na Kiingereza kidogo, au wasifundishwe Kiingereza kabisa.

Mgogoro ulifikia kilele mwaka wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana. Misheni ya Waskoti ya Tumutumu, ambayo nayo iko Nyeri, iliwataka walimu na waumini wake waikane desturi hiyo hadharani. Huko Tumutumu alikuwa amefundisha kwa miaka mingi mwanamke mwingine wa kigeni, Marion Stevenson, mmoja wa waliopinga tohara hiyo kwa ukali zaidi. Walimu walifukuzwa au walijiuzulu, madarasa yalibaki matupu, na wimbo wa Muthirigu wa kuwakejeli wamisionari na machifu uliimbwa kila mahali hadi serikali ikaupiga marufuku. Kutokana na mpasuko huo zilizaliwa shule za kujitegemea za Wakikuyu.

Wakatoliki hawakuchukua msimamo mkali kama ule wa Waskoti, na shule zao hazikupoteza watoto kwa kiwango kile. Hata hivyo upepo uliovuma ulizifikia pia. Mgeni, awe mwema kiasi gani, alianza kutazamwa kwa jicho jingine, na mwalimu Mwafrika aliyesoma aliona kwamba wakati wake wa kuongoza shule umefika. Yafaa kukiri kwamba hakukosea. Marion Stevenson alirudi Uskoti mwaka wa 1929 na kufariki mwaka uliofuata. Sista Irene alibaki.

Tauni

Mnamo Septemba 1930 alikwenda mjini Nyeri kwa mafungo ya kiroho ya masista. Wenzake walisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipomwomba mkuu wake ruhusa ya kuyatoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya kazi ya misheni. Alirejea Gikondi akiendelea na shule na ziara zake kama kawaida.

Oktoba tauni ilizuka. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto vya panya, na mara ukiingia katika mapafu huambukizwa kwa pumzi ya mgonjwa. Dawa za kuutibu zilipatikana katika miaka ya 1940. Mwaka wa 1930 aliyeugua aliombewa tu. Watu waliujua vyema. Nyumba yenye mgonjwa ilikimbiwa.

Aliyeugua Gikondi alikuwa mwalimu. Huyu hakuwa rafiki wa Sista Irene. Kwa mujibu wa masimulizi ya misheni, alikuwa amempinga na kutaka kuchukua nafasi yake katika shule, na chuki kati yake na masista haikuwa siri. Kwa hiyo hapakuwa na mtu ambaye angemlaumu Sista Irene iwapo angetuma dawa na kukaa mbali. Masista wenzake walimwonya. Alikwenda. Alimhudumia mgonjwa huyo kwa mikono yake, akapiga magoti kando yake, akamkumbatia katika dakika zake za mwisho.

Siku chache baadaye alianza kutetemeka kwa homa. Alijua ni nini. Alifariki Ijumaa, Oktoba 31, 1930, pale Gikondi.

Watu walimiminika kutoka migongo yote ya vilima, Wakristo na wasio Wakristo. Kwa mila za Wakikuyu za wakati huo kifo kilikuwa kitu cha kuogopwa, maiti haikuguswa ovyo, na hasa maiti ya aliyekufa kwa tauni. Hayo hayakuwazuia kuja. Mwili ulisafirishwa hadi Mathari ukazikwa katika makaburi ya wamisionari.

Kutoka Mathari hadi kanisa kuu

Kwa miaka mingi kumbukumbu yake ilibaki kwa wazee wa Gikondi na katika shajara za masista. Uchunguzi rasmi wa maisha yake ulianzishwa Nyeri katika miaka ya 1980, wakati ambapo baadhi ya waliosomeshwa naye walikuwa bado hai na waliweza kutoa ushahidi wao kwa Kikikuyu. Mwaka wa 1995 mabaki yake yalifukuliwa. Mwaka wa 2011 Papa Benedikto wa 16 aliidhinisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Muujiza uliohitajika na Kanisa ulitoka mbali na Nyeri. Mwezi wa Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, watu zaidi ya 200, wakiwamo wanawake na watoto wengi, walijikuta wamefungiwa ndani ya kanisa la Nipepe, kaskazini mwa nchi hiyo, huku mapigano yakiendelea nje. Hawakuwa na maji isipokuwa yale machache yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo. Paroko wao, ambaye pia alikuwa wa Consolata, aliwaalika wamwombe Sista Irene. Walikunywa maji hayo kwa siku kadhaa, na hata mtoto aliyezaliwa humo ndani aliogeshwa kwayo, nayo hayakuisha. Papa Francis alilikubali tukio hilo kuwa muujiza mwezi wa Juni 2014.

Ndipo ikaja ile Mei 23, 2015. Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ambamo Sista Irene aliwahudumia wapagazi, ndiye aliyemwakilisha Papa na kumtangaza Mwenye Heri. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, Askofu Mkuu Oscar Romero alitangazwa Mwenye Heri nchini El Salvador, na mashirika mengi ya habari ya kimataifa yakaelekeza kamera zao huko.

Mabaki yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Consolata mjini Nyeri, na sikukuu yake huadhimishwa kila Oktoba 31. Mahujaji huenda pia hadi Gikondi. Barabara imefika siku hizi, lakini wengine huamua kuteremka na kupanda mabonde yale kwa miguu.